Neno la Siri ni Dhaifu

Chumba cha TEHAMA kiko nyuma ya bwalo,
mlango unanuka maharage na waya ulioungua.
Wiki ya kwanza Moshi. Foleni imefika kwenye matangi ya maji,
tumesimama tumeinua simu juu
kama watu wanaopima kina cha hewa.

Vipinde vitatu juu ya nukta vinajaa, vinafifia.
Mtandao wa chuo unanijua kwa mbali tu,
kama shangazi wa kwenye harusi:
ananiona, ananichekea,
hakumbuki mimi ni wa nani.

"Aikande Mlay?" Fundi Mkindi hainui macho.
"Namba ya usajili. Haya, chagua nywila."
Nywila. Sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo,
naye kalitamka kama anatema kokwa.
"Neno la siri, dada. Ambalo hutalisahau."

Nikaandika jina la ng'ombe.

Silisemi hapa, mtaniingilia.
Ila ni herufi sita, na mama ndiye aliyempa
usiku aliozaliwa, masika yamekata umeme Uru nzima,
tukimmulikia kwa simu hii hii, enzi hizo ya kaka,
kioo kikiwa bado kizima.
Miaka saba tumemfuatia majani kule tambarare,
mzigo kichwani, mguu ukipanda na kilima.
Maziwa yake yakalipa daftari, sare, viatu, mtihani wa kidato cha sita.
Mwezi wa kumi akalipa ada kwa mwili.

Skrini ikajibu kwa maandishi mekundu:
"Neno la siri ni dhaifu."

Dhaifu!
Hamkumwona akikataa kupanda lori pale Weruweru,
wanaume wanne na kamba,
na mama kasimama pembeni na ndoo tupu mkononi.
Ndoo ya nini, sijui. Alitoka nayo tu nyumbani.

"Ongeza tarakimu," akasema Mkindi.
Nikaongeza bei yake, nimeshatoa ya dalali.
"Herufi kubwa." Nikaikuza ya kwanza,
ilivyostahili tangu mwanzo.
"Na alama. Yoyote ile."
Nikatafuta alama ya kwato. Haipo.
Nikaweka mshangao.

"Neno la siri ni imara."
Kijani. Vipinde vikajaa vyote, vikatulia.

Nilidhani dunia itaingia kwa kishindo,
vitabu, mihadhara, maktaba za ng'ambo.
Ikaingia jumbe mia na arobaini za kundi la ukoo:
mchango wa msiba wa mtu nisiyemjua,
picha ya keki, zaburi,
mjomba Elirehema akiuliza nani kaondoka na jembe lake.
Halafu sauti ya mama, ya juzi, sekunde kumi na tisa:
"Aika, umekula?"
Kisha kasahau kidole kwenye kitufe, na panga linasikika,
cha, cha, cha,
bado anakata majani.

Mkindi ameshaita mwingine.
"Inaisha baada ya siku tisini," ananiambia kisogoni.
"Utaweka nyingine. Na usirudie ya zamani, haikubali."

Siku tisini. Nimehesabu kwa vidole kwenye ngazi za maktaba,
pale mtandao unaposhika vizuri zaidi,
na zinaangukia wiki ile ile ya ada ya muhula wa pili.
Nyumbani amebaki mtamba mmoja, sikio moja jeupe.
Mama anataka kumpa jina Jumamosi hii.
Nimemwandikia, nikafuta, nikamwandikia tena:
Mama, usimpe kwanza.

Ninyi njooni siku ya tisini na moja.
Nitakuwa hapa hapa kwenye ngazi,
na yule wa kwanza
nitawatajia.